Dorca Hasikiki, na Barua Inasubiri Jibu

Saa mbili na nusu asubuhi, Swaumu Idd amepiga magoti chini ya meza ya ofisi mjini Kisumu, tochi mdomoni, akiufuata waya wa buluu kwa kidole hadi ukutani. Juu yake amesimama Dorca Akello, amekumbatia mkoba wake utadhani ameshaambiwa aende nyumbani.

Na kwa kweli yuko karibu kuambiwa. Dorca ndiye mpokeaji simu wa kampuni hii ya kusambaza dawa. Zahanati za kandokando ya ziwa, hadi kule Kombewa, humpigia kuagiza mzigo. Lakini kwa wiki tatu wateja wamelalamika kwamba hasikiki. Juzi akakabidhiwa barua: kufikia saa sita mchana leo, aeleze kwa maandishi kwa nini asifutwe kazi.

"Nimepayuka mpaka koo limekauka, na bado wananiambia niongeze sauti," anasema. "Yawa, jamani, niongeze niitoe wapi?"

Meneja, Mzee Absalom Ondiek, anachungulia mlangoni. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache ni makali.

"Fundi, simu ndiyo mbovu ama mtu ndiye mbovu?"

"Mzee, nipe nafasi kidogo," Swaumu anajibu kutoka chini ya meza.

Swaumu, mwanamke wa miaka thelathini na sita, hutengeneza simu za ofisini zinazopitia kwenye intaneti. Anaishi mtaa wa Migosi. Ufundi aliuanzia soko la Kibuye, kwenye meza ya babake aliyekuwa akifufua redio za mitumba. Leo anahudumia ofisi ishirini na mbili, na bado wapo wanaomtazama juu mpaka chini na kumuuliza fundi mwenyewe yuko wapi.

"Huwa nawaambia anakuja," anasema na kuangua kicheko. "Wakichoka kumngoja, simu imeshapona!"

Asubuhi hii, hata hivyo, kicheko hakidumu. Waya ni mzima. Anaichomoa simu na kuichomeka tena. Wapi! Anaingia kwenye mipangilio, hakuna kilichoharibika. Kitufe cha sauti Dorca alishakibonyeza hadi mwisho, tena siku nyingi.

"Hapo ndipo wengi hupotea," Swaumu anaeleza. "Kile kitufe kinaongeza unachosikia wewe. Yule wa upande wa pili haongezewi kitu."

Saa nzima inakatika. Dorca ameketi pembeni na kalamu, anaandika mstari, anaukata. Miaka tisa amefanya kazi hapa.

"Nitaandika nini mimi? Kwamba Mungu aliniumba na sauti ndogo?"

Hapo Swaumu anafanya jambo ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, alipaswa kuanza nalo. Anakwenda kwenye meza ya Selpha, mtunza stoo, anachomoa mkonga wa simu yake, ule unaoshikwa sikioni, na kuuchomeka kwenye simu ya Dorca. Kisha anapiga zahanati moja huko Kombewa.

"Haya, ongea."

"Hallo? Ni Dorca hapa…"

"Aii, mama, pole pole! Utanipasua sikio!" anajibu nesi.

Basi simu ni nzima, intaneti ni nzima, na sauti ya Dorca ni nzima kabisa. Kosa liko kwenye mkonga wake. Swaumu anauokota, anaugeuza mara moja, kisha anajipiga paja.

Mkonga umefungwa nailoni, ikazungushwa mara tatu na kukazwa kwa selotepu. Hakuna aliyewahi kuona ajabu, maana hapa Kisumu rimoti ya televisheni huvalishwa hivyo hivyo siku inaponunuliwa, ili isiingie vumbi. Simu zote za ofisi hii zilivalishwa zilipoletwa. Nailoni za wenzake zilishararuka sehemu ya mdomoni. Dorca, mwangalifu kuliko wote, kila nailoni ilipochakaa aliongeza nyingine juu yake. Ya mwisho aliifunga wiki tatu zilizopita, na selotepu ikakaa juu ya tundu la kuzungumzia.

"Nimeshika hii kitu saa nzima na sikuiona," Swaumu anakiri, uso umemshuka. "Rimoti ya kwangu nyumbani pia iko ndani ya nailoni. Jicho limezoea!"

"Nilitaka isiharibike," Dorca anasema, mikono mashavuni. "Kumbe nimejiziba mdomo mwenyewe."

Wembe unapita, nailoni inaanguka sakafuni. Mzee Ondiek anaombwa apokee simu akiwa ofisini kwake. Dorca anapiga. Jibu linasikika kupitia ukutani.

"Nakusikia! Nakusikia, sasa punguza!"

Mzee anarudi, anakohoa, ananyoosha mkono. "Lete hiyo barua." Anaichana vipande vinne na kuvitia mfukoni. "Mos, mama," anampa pole, na kuondoka.

Dorca anajitupa kitini, analia na kucheka kwa pamoja. Afueni iliyoje! Selpha anakimbilia jikoni kumletea chai.

Swaumu, akikusanya vifaa vyake, anasema mwaka ujao anataka kufungua karakana yake Kibuye na kuwafundisha wapokeaji simu kujikagulia mitambo yao. Lakini ana ombi kwa mameneja, na analitoa bila kucheka.

"Mimi huitwa mwisho, mtu akishalaumiwa na kulia. Nataka niitwe kwanza. Tupime simu, barua ingoje."