Mahindi Yasiyopimwa

Hasira hii nimekaa nayo muda mrefu, na sioni sababu ya kuimeza.

Ofisi yetu, pale Kikuyu, ilitengeneza maktaba ya msimbo, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, ambayo waandishi wengine wa programu waliitumia kuuliza kanzidata maswali. Mimi nilipewa vichujio: sawa na, si sawa na, zaidi ya. Kazi ndogo, waliniambia. Wa kwanza kuitumia maktaba hiyo walikuwa watu wa programu ya simu ya kuuzia mahindi Kibaigwa. Wenye malori hawakutaka kuoneshwa mahindi mabichi, yasiyokauka vizuri, basi programu ikawa inaomba yote ambayo hali yake si sawa na "mabichi".

Sasa dalali wa Kibaigwa huchomoa punje guniani akaing'ata. Ikivunjika kwa mlio, mahindi ni makavu, biashara iendelee. Kwenye simu sehemu ya hali huiacha wazi, kwa sababu pale huandikwa kipimo cha kifaa cha unyevu, si cha jino. Na kanzidata ukiiuliza kama kitu kilichoachwa wazi si kibichi, haisemi ndiyo wala hapana. Inakiruka. Mahindi makavu ya watu yakawa hayaonekani.

Nilimwomba kiongozi wetu "si sawa na" ichukue pia yaliyoachwa wazi, au tuongeze kichujio cha "haijapimwa". Alikataa. Ndivyo kanzidata zilivyo, alisema, na maktaba nzuri haina maneno mengi. Nilipobisha aliniita mkaidi mbele ya wenzangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wakati huo mama mdogo alikuwa ameshusha mavuno yake yote kutoka kijijini Busi, yamekaa uani kwa dalali chini ya turubai. Dalali aliyang'ata na kuyasifu. Malori yakaja, yakapakia ya majirani yaliyokwisha kupimwa. Mama mdogo akanipigia simu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mwanangu, mahindi yangu yana kosa gani? Wanayapita kama hawayaoni."

Nilirudi kwa kiongozi nikamwambia huyu ni mama yangu. Hata hakuinua macho.

"Mwambie apime," alisema.

Apime na nini? Kifaa kilikuwa kimoja, kinazungushwa soko zima, na watu walikuwa kwenye foleni. Dalali aliahidi kukifuata. Kabla hakijamfikia, mvua ya kwanza ikanyesha, turubai likavuja, magunia yakalowa hadi katikati. Ndipo kifaa kikafika. Wakapima, wakaandika: mabichi.

Asubuhi nilifungua kompyuta, nikaomba mahindi ya Kibaigwa yaliyo sawa na "mabichi". Ya mama mdogo yalitokea juu kabisa.

Kiongozi alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Unaona?" alisema. "Kichujio hakina shida."