Mbuzi wa Kumuaga Mheshimiwa

Mheshimiwa alipoamua kuacha cheo chake serikalini, alinipigia simu niende kwake mtaa wa Amarat, hapa Juba, nimwombee safari. Sababu hakuificha. Kampuni ya mafuta ilikuwa imempa nafasi Nairobi, yenye donge nono zaidi.

"Mzee, serikali hailipi," alisema, na nyuma ya sauti yake nilisikia jenereta ikinguruma mchana kweupe.

Mimi ni mzee wa kanisa na sichagui wa kumwombea. Nilikwenda.

Dereva wake nilimjua tangu ukimbizini Uganda, nilipomfundisha dini akiwa kijana. Yeye, mkewe na watoto walikaa katika chumba kilichokuwa nyuma ya nyumba ya Mheshimiwa, na chumba kile kilikuwa mali ya serikali kama nyumba yenyewe. Bosi akiondoka, nao wangetolewa, isipokuwa aseme neno moja kwa anayekuja, au amtafutie dereva kazi katika ile kampuni yake mpya, ambayo ina ofisi hapa mjini pia, karibu na uwanja wa ndege.

"Mimi iko naye tangu zamani," dereva aliniambia. "Hawezi kuniacha hivi hivi."

Kwetu mgeni mkubwa akifika huchinjiwa mnyama mlangoni, naye humruka ndipo aingie, baraka ziingie naye. Dereva alitaka kumfanyia bosi wake heshima hiyo wakati wa kutoka. Mnyama aliyekuwa naye ni mmoja tu, mbuzi jike wa maziwa. Mkewe alinivuta kando pale getini.

"Mzee, mkataze. Watoto wanakunywa nini?"

Nilimkataza. Akanijibu kwa upole kwamba mtu akishamruka mbuzi wako hawezi tena kukusahau, kisha akanoa kisu.

Wageni walikuwa maofisa wenzake Mheshimiwa, wamevaa suti. Mmoja alipomwona mbuzi amelala kizingitini alicheka.

"Wewe dereva, mtu huchinjiwa akija. Huyu anakimbia."

Mheshimiwa alipandisha suruali isiguse damu, akaruka, akaangalia viatu vyake. Kisha akahutubia. Alisema ameteseka vya kutosha kwa ajili ya taifa, na sasa ni zamu ya watoto wake. Alipigiwa makofi. Dereva alikuwa bado amesimama karibu na bomba, mikono ina damu.

"Bosi, na sisi je?"

Mheshimiwa alimwendea akamshika bega, akitabasamu.

"Wewe ni mzalendo, na wazalendo hubaki. Tukiondoka wote, nchi tumwachie nani?"

Walicheka wote, na dereva akacheka nao, maana alidhani neno lenyewe bado linakuja.

"Anayekuja ana watu wake," Mheshimiwa aliendelea. "Chumba kiwe wazi leo. Na hilo paja nifungie vizuri. Mama watoto kule Nairobi anapenda nyama ya nyumbani."

Halafu akanigeukia. "Mzee, tuombee."

Niliomba. Nilimshukuru Mungu kwa uhai na kwa chakula, nikamsihi amlipe kila mtu kama alivyowatendea wenzake. Aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mheshimiwa.

Dereva alimpeleka uwanja wa ndege, paja likiwa kwenye kiti cha mbele, limefungwa vizuri. Aliporudi, mlinzi mpya alipokea ufunguo wa gari getini na hakumruhusu kuingia. Godoro na sufuria vilikuwa vimeshatolewa nje. Watoto walikaa juu ya godoro wakinywa supu ya kichwa cha mbuzi wao.

Niliwachukua kwangu, mtaa wa Hai Cinema. Nyumba ni ndogo, lakini Mungu ametupa paa, nami namshukuru. Asubuhi mtoto mdogo huulizia maziwa, na mama yake humpa chai ya rangi bila kumtazama baba yake. Dereva yeye hutoka mapema kwenda kuchaji simu dukani, bosi asije akapiga akaikuta imezimika.