Mkata miwa wa Ruhembe anavyomjengea baba chumba chenye mlango wake

Jua halijachomoza Ruhembe, na Yusta Yared tayari ni mweusi kwa masizi kuanzia viganjani hadi kwenye nyusi. Miwa ilichomwa jana jioni ili kuunguza majani. Leo inasubiri panga. Anainama, anakata muwa karibu kabisa na ardhi, anaondoa kilele, anautupa kwenye safu, anasogea.

"Ukikata juu unaacha sukari shambani," anasema bila kuinuka.

Ana miaka 43. Siku ikiwa njema hurudi nyumbani na Sh10,000. Msimu huu fedha hiyo ina kazi moja: chumba cha baba.

Baba yake, mzee Yared, alikuwa mkulima wa maharage katika milima ya Kilosa. Presha ya macho ilimpofusha polepole. Mkewe alipokuwa hai, ndiye aliyemwongoza. Alipofariki, mzee alibaki peke yake, hadi siku alipojaribu kujipikia uji akaungua mkono. Yusta akamfuata, akamleta kwake.

Lakini nyumba ya Yusta na mumewe Marko, mkulima wa mpunga, ina vyumba viwili tu na sebule. Watoto wana chao. Mzee akatandikiwa godoro sebuleni.

"Mimi niliona tumebanana tu," anasema Yusta. "Sikujua baba anaona aibu. Hata kukohoa alikuwa anajibana, asimsumbue mkwewe."

Msimu ulipoanza, Juni mwaka huu, simu yake iliita akiwa katikati ya shamba. Aliyepiga ni mwanamke asiyemfahamu, Filomena, muuza karanga katika stendi ya Mikumi.

"Akaniuliza, 'Dada, una baba haoni? Yuko hapa kwangu, anaulizia basi la Kilosa.' Panga lilinidondoka."

Mzee alikuwa amesubiri wote waondoke, akamwomba dereva wa bodaboda ampeleke stendi. Namba ya Yusta, Filomena aliipata kwenye simu ya mzee. Yusta alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, begi mapajani. Akamwamkia shikamoo. Mzee hakuitikia.

"Siwezi kulala sebuleni kwa mkwe kama mgeni aliyekosa basi," akasema hatimaye. "Nirudishe kwangu."

"Kwako ni wapi sasa, baba?"

Mzee akampa begi alibebe. Walirudi Ruhembe pamoja, na jioni ile Yusta na Marko wakakubaliana kuongeza chumba ubavuni mwa nyumba.

Wakamwita fundi Mudi, jirani yao. Akapima, akapiga hesabu: chumba, baraza, dari, lipu ndani na nje, Sh3.4 milioni. Marko alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Nikamwambia fundi, chumba kizuri utanitajia siku nyingine," anasema Yusta. "Leo nitajie chumba ambacho baba atalala asinyeshewe."

Wakaanza kupunguza. Baraza ikafutwa, dari nayo ikafutwa. Matofali ya kuchoma yangeunganishwa kwa udongo, saruji ibaki kwa msingi, sakafu na lenta, ule mkanda wa zege juu ya mlango na dirisha. Hesabu ikashuka hadi Sh1.9 milioni, bado ikawa inawazidi kimo.

"Tutoe na dirisha," Marko akasema. "Pamoja na nondo zake ni laki na nusu. Mzee haoni, dirisha la nini?"

Alisema kwa sauti ya chini, lakini mzee alikuwa ameketi uani, upande wa pili wa ukuta.

"Marko, mwanangu," akaita. "Yaliyokufa ni macho, masikio yangu ni mazima. Kule kwetu kila apitaye nilimsalimia kwa jina. Hapa siku nzima nasikia kuku na sufuria. Hilo dirisha liweke, tena liangalie njia."

Marko anasema alitamani ardhi immeze. "Nikatoka nikamwomba radhi. Tukakaa pale mpaka giza likaingia, tunaongea. Tangu aje kwangu hatukuwahi kuongea hivyo."

Siku hiyo ndipo mzee alipoomba pia mlango unaofungukia nje, aweze kutoka bila kupita sebuleni. Halafu akampigia simu mdogo wake milimani na kumwagiza auze mbuzi wake wawili. Fedha ikafika, ikanunua dirisha na nondo. Kufidia mlango, lipu ya nje ikaahirishwa.

Leo, Oktoba, kuta zimefika kwenye lenta. Kilichobaki ni paa, na hapo ndipo penye wasiwasi.

"Mvua ikituwahi, udongo utalegea na ukuta utaanza kukaa vibaya," anasema fundi Mudi, ambaye amekubali sehemu ya ujira wake isubiri mpunga wa Marko.

Yusta hununua bati moja moja, kila akilipwa. Mabati yaliyopatikana yamelazwa chini ya kitanda chake, na hayajafika nusu. Wakati mwingine, wingu likitanda, hukata miwa hadi wenzake wanamtania kwamba anashindana na mbingu. Siku moja kati ya hizo walimalizia safu yake, wakataka iandikwe yote kwa jina lake, alipwe yeye.

Anakusudia paa likae kabla ya Krismasi.

"Siku baba akihamia, siendi shambani," anasema, akijifuta masizi usoni kwa kanga. "Nitapika wali na kuku. Mimi na Marko na watoto tutazunguka nje, tusimame mlangoni kwake, tubishe hodi. Na 'karibu' ataisema yeye."