Mjomba Hakunawa

Watu huniambia hasira hupungua kwa umri. Yangu haijapungua hata kidogo, na kwa kuwa niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe, sina pa kuikimbilia.

Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi ndiyo kwanza vimeruhusiwa, na Mombasa nzima ilikuwa na la kusema. Wengi wetu tulitaka Pwani ijitawale. Wenye maduka walitaka, wenye majumba walitaka, na sisi tulitaka. Sisi tulikuwa watu saba tu, tukikutana baada ya swala ya alasiri kwenye karakana ya seremala mmoja wa Mji wa Kale, tumekaa juu ya mbao zake, na swali letu lilikuwa moja: ikishajitawala, itakuwa ya nani? Kuli wa bandarini atabaki kuli yule yule? Watu walitucheka, wakatuita makomunisti. Mama yangu, maskini, akaniuliza kama makomunisti huswali. Nikamwambia wanaswali, tena jamaa msikitini.

Aliyetukusanya alikuwa mjomba wangu, kuli wa bandarini, bega moja limeshuka kwa magunia. Nyumba yake ya Makadara aliijenga kwa mikono yake, lakini ardhi ilikuwa ya tajiri mmoja. Mombasa mambo ndiyo hayo: kuta zako, mchanga chini yake wa mwingine, na siku mwenyewe akiutaka mchanga wake, unabeba mabati yako unakwenda zako. Mjomba alikuwa keshaambiwa kwa mdomo kwamba ardhi ile inatakiwa. Kwa hivyo alikuwa na jambo moja tu alilotaka liingie katika madai ya Pwani: mtu asiondolewe penye nyumba aliyoijenga. Tulizunguka Makadara miezi mizima, nyumba kwa nyumba, tukikusanya alama za vidole kwenye karatasi ya dai hilo. Wanawake walitoka jikoni na unga mikononi, wakajipangusa kwenye leso, wakaweka dole gumba.

Basi viongozi wa vuguvugu wakaitisha kikao cha kukubaliana madai yote kabla hayajatangazwa. Kikao kwa nani? Kwa tajiri yule yule. Ndiye aliyekuwa mbele katika mambo hayo, na sitamsingizia, Pwani aliipenda kweli. Sisi wapangaji wa ardhi tukaambiwa tupeleke watu wawili. Akenda mjomba, nikaenda mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ulimi mwepesi. Mjomba naye, akipandwa na hasira, neno la kwanza humkwama kooni. Karatasi ikakaa mfukoni mwangu, kwamba mimi ndiye msomaji.

Ijumaa ya kikao, tumetoka msikitini, akanisimamisha kichochoroni.

"Usinawe mikono mpaka uwe umesema," akaniambia. "Mwenye haja hali mpaka haja yake isikiwe. Ukishakula kwake huna mdomo tena."

Nikacheka. "Mjomba nawe! Hii ni siasa, si posa."

"Mimi nimekwambia," akasema.

Kwa tajiri tulidhani maneno yatatangulia, chakula baadaye. Mwenyeji akageuza. "Tuleni kwanza, jamani, biriani haingoji watu." Beseni na birika vikaanza kupita. Mimi akaniita kando yake. "Maalim wangu, karibu huku mbele." Hebu fikiria: shuleni mwalimu mkuu alikuwa akiniita "wewe". Nikanyoosha mikono, nikanawa. Tajiri akachambua nyama kwa mkono wake mwenyewe, akaniwekea upande wangu wa sinia, kila mara akiniambia nisione haya. Nami sikuona haya. Nilikula, wallahi, nikala vizuri.

Beseni lilipofika kwa mjomba, alibaki na mikono mapajani.

"Kulikoni, huli?" mwenyeji akauliza.

"Alhamdulillahi, nimeshiba."

Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Mwenyeji alimtazama, akaelewa mara moja kwamba mtu huyu amekuja na neno. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea haya mjomba wangu. Nilimwona mshamba, kwa kuukataa ukarimu wa mtu mbele za watu.

Sinia zikaondolewa. Madai yakasomwa: bandari, shule, kazi za serikali. Ya nyumba hayakuwamo. Mwenyeji akanigeukia kwa upole, "Maalim, una la kuongeza?"

Nikasimama. Vidole vyangu vilikuwa bado vinanukia zafarani. Karatasi niliihisi kifuani, na alama zote zile za vidole. Ningesemaje, kwamba mtu huyu aliyenichambulia nyama ndiye tunayemwogopa? Nikamshukuru kwa ukarimu wake. Nikasema mambo ya wapangaji tutayazungumza kwa wakati wake. "Inshallah," wakaitikia wote.

Mjomba akainuka. Midomo ilimcheza. Neno la kwanza likamkwama, likamkwama, mpaka watu wakaanza kutazama mikeka. Mmoja akakohoa. Mwingine, kwa kumsitiri nadhani, akaanza dua ya kufungia kikao, na dua ikishaanza hakuna wa kuikata. Mjomba akainua viganja vyake vikavu pamoja na wengine, akaitikia amina.

Tulipofika mlangoni kwake akaniuliza, "Ilikuwa tamu?"

"Nini, mjomba?"

"Biriani."

Pwani haikujitawala, hilo kila mtu analijua. Lakini ardhi ya Makadara ilichukuliwa. Mjomba alipanda mwenyewe kuezua mabati yake, yasije yakatobolewa na watu wasiojua yalivyopatikana. Wale wanawake wa dole gumba nao waliondoka, nyumba moja moja, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza karatasi ilikwenda wapi. Laiti wangeniuliza. Seremala akatuambia mbao zake zinahitaji nafasi, na kikundi kikafa hivyo. Mjomba akahamia kwa wakwe zake, bara huko, kulima mihogo ya watu.

Alikuja kwangu mara moja tu, miaka miwili baadaye, adhuhuri, bila taarifa. Amekonda. Tukaulizana hali, za watoto, za mvua. Mke wangu akapika haraka haraka, nami nikachukua beseni na birika mwenyewe, nikamwendea.

Niliomba moyoni akatae. Nilitaka aifiche mikono ile mapajani kama siku ile, nijue kwamba ana neno na mimi, kwamba bado ananihesabu kuwa mtu wa kuambiwa. Anitukane. Aniite msaliti, aniite mlafi, hata mbele ya mke wangu. Ningekaa pale nisikilize mpaka amalize.

"Mjomba," nikamwambia, "kama una neno na mimi, lianze. Chakula kitangoja."

Akanitazama. Hakuwa na hasira hata chembe. Akakunja mikono ya kanzu, akaleta viganja juu ya beseni.

"Neno gani tena, mwanangu? Mimina maji."

Nikamimina. Akanawa vizuri, vidole vyote, akala mpaka akashiba.