Bi Vumbi na Pembe Nne

Mke wangu hutunza vielelezo vya mahakama. Panga lililomjeruhi mtu, baiskeli ya wizi, magunia ya bangi, vyote huvifungia stoo na kuvilinda mpaka kesi iishe. Kazini wanamwita Bi Vumbi kwa sababu yeye na vumbi ni paka na panya. Nyumbani ndiyo usiseme. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na tisa sijawahi kuangusha kipande cha uzi sakafuni nikasalimika.

Basi, zililetwa pembe nne za ndovu. Askari wa wanyamapori alizikuta chini ya kitanda cha mfanyabiashara mmoja, mtu wa suti na salamu nyingi, akaandika namba juu ya kila pembe kwa kalamu nene ya wino, moja mpaka nne. Namba hizo ndizo zilizokuwa roho ya kesi. Mwaka uliotangulia kesi kama hiyo ilianguka kwa sababu shahidi alishindwa kuthibitisha kwamba pembe zilizoletwa mahakamani ndizo alizozikamata, na mshtakiwa akatoka anacheka.

Siku tatu kabla ya kesi kusikilizwa, Bi Vumbi aliingia stoo akakuta paa limevuja na pembe zimeota ukungu. Mtu mwingine angefunga mlango akaenda zake. Yeye alichukua kitambaa na spiriti, akazisugua zote mpaka zikang'aa. Alipomaliza ya nne ndipo akakitazama kitambaa. Kilikuwa cheusi kwa wino.

Alirudi nyumbani akaketi bila kuvua viatu. Nikajua kuna jambo, maana humu ndani viatu haviingii hata kwa dharura. Akanisimulia yote.

"Sasa tatizo liko wapi?" nikamuuliza. "Si unakumbuka ipi ni ipi?"

"Nakumbuka. Kila moja ina mahali pake kwenye rafu."

"Na kalamu ipo?"

"Ipo kwenye droo."

"Basi, mama, kesho ziandike upya. Nani atajua?"

Aliinama akaanza kuvua viatu. Nilijiona nina busara ya kutosha watu wawili, nikaenda kulala.

Kesho yake alikwenda moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka akamwambia alichofanya. Yule bwana alishika kichwa, kisha akasema kwa upole, "Mama, nitakuita uwe shahidi. Utayasema haya haya mbele ya hakimu. Ila ujue, hata kazi yako inaweza kwenda." Jioni ile hakula. Niliogopa kuliko nilivyomwonyesha.

Siku ya kesi nilifunga duka nikaenda kumsindikiza. Askari alitoa ushahidi kwanza. Alionyesha pembe iliyomeguka ncha na nyingine yenye ufa, kama zilivyoelezwa kwenye hati aliyoijaza siku ya kuzikamata, na zote nne zilipopimwa, urefu ukalingana. Wakili wa mshtakiwa hakujali. Alimsubiri mke wangu.

"Namba ulizifuta wewe mwenyewe?"

"Nilizifuta mimi."

"Anayefuta namba anaweza pia kubadilisha pembe, sivyo?"

"Anaweza. Mimi sikubadilisha."

"Tukuamini kwa lipi? Bila shaka ulifikiria kuziandika upya ufiche kosa lako."

"Sikufikiria. Nilishauriwa."

Wakili macho yakamng'aa. "Na nani? Mwendesha mashtaka?"

"Mume wangu," akasema, akaninyooshea kidole. "Yule pale, mwenye shati la bluu."

Ukumbi mzima uligeuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee aliyeketi karibu nami akajisogeza kando, kana kwamba ushauri mbaya unaambukiza.

"Nawe ukafanya nini?" hakimu akamuuliza.

"Niliiacha kalamu kwenye droo, mheshimiwa, nikaenda kusema."

Wakili akaketi.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Hakimu alisema pembe zinalingana na hati, na kuhusu jinsi zilivyotunzwa stoo anamwamini mtunza vielelezo, kwa kuwa shahidi asiyemsitiri hata mume wake hana sababu ya kumsitiri mtu mwingine. Mfanyabiashara akapatikana na hatia, na safari hii mshtakiwa hakutoka anacheka. Mke wangu alipewa barua ya onyo, kazi ikabaki yake, na stoo ikaezekwa upya.

Siku ile ya hukumu, tulipotoka nje, nikamlalamikia. "Hukuweza hata kusema 'ndugu mmoja'?"

"Baba watoto, nilikuwa nimeapa."

Nilikuwa nimeaibika mpaka masikioni, na sijapata kujivunia mtu kama nilivyojivunia mwanamke yule. Siku hizi wateja wakileta nguo hunichokoza, "Fundi, huna ushauri wowote leo?" Huwaambia mimi kazi yangu ni kupima na kushona, ushauri wakamwombe mke wangu.