Asparaga ya Desemba

Zamani mtu wa Nayoro, kaskazini mwa Japani, aliweza kukuambia ni mwezi gani kwa kuchungulia sufuria yake tu. Siku hizi Mei na Desemba zinalala katika sanduku moja, na hakuna anayeona aibu.

Tokuzo alikuwa na sheria yake. Tangu mkewe afariki, kila Jumapili mchana ya majira ya baridi aliwasha jiko la mkaa katika banda la zana, akaweka juu yake chuma chenye nundu cha kuchomea nyama ya kondoo, na jirani zake Shigeo na Mitsue, mtu na mkewe, wakavuka shamba lililojaa theluji kuja kula. Mbali na nyama, hakikupanda jikoni kitu ambacho hawakukilima na kukihifadhi wenyewe: viazi na vitunguu vya ghalani, boga, na kabichi walizoziacha zifunikwe na theluji tangu Novemba, ambazo hufukuliwa kwa koleo zikiwa tamu kama zimetiwa sukari.

Asparaga, mboga ya machipukizi marefu, haikuwa ya majira hayo. Asparaga ni ya Mei, na ya Tokuzo haikufanana na ya mtu mwingine. Baba yake alichagua mbegu kwa miaka thelathini, akibakiza mche mmoja katika mia. Ilikuwa nene kama kidole gumba, zambarau shinani, na ukiitafuna ilianza na uchungu mdogo kisha ikageuka tamu. Tokuzo hakumpa mtu mbegu hizo, hata mpwa wake. Ila miaka kadhaa nyuma, matuta ya Shigeo yalipooza yote, alimpelekea kopo la majani ya chai lililojaa mbegu.

"Panda," alimwambia. "Lakini zisivuke uzio wako."

Shigeo alilipokea kwa mikono miwili, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Jumapili hiyo ya Desemba Shigeo alichelewa. Mitsue alikuwa ameshakaa alipoingia na sanduku kifuani, amelikumbatia kama mtoto mchanga.

"Umechelewa mpaka kondoo anataka kufufuka," Tokuzo alimwambia.

"Nyamaza, mzee. Leo utaniamkia." Akafunua. Asparaga zilikuwa zimesimama wima, mbichi kabisa.

"Desemba hii? Umezilima ndotoni?"

"Zimeshuka na ndege. Juzi alfajiri zilikuwa ardhini Australia, huko sasa ni kiangazi. Wanazikata, wanazichovya kwenye maji ya barafu, wanazisimamisha na kitambaa kibichi miguuni. Ukizilaza zinapinda, maana hata huko angani bado zinakua. Kijana wetu ndiye anayezipokea uwanja wa ndege."

"Kwamba zinapinda nilikufundisha mimi."

Shigeo alicheka. Mitsue hakucheka, aligeuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

Kwa ajili ya rafiki, Tokuzo aliivunja sheria yake. Alizipanga asparaga tatu ukingoni mwa chuma, zikatoa malengelenge, akauma moja. Uchungu ukatangulia. Utamu ukafuata. Akachomoa nyingine sandukuni, akaitazama shinani kwa muda mrefu.

"Shigeo."

"Naam."

"Hii ni ya baba."

Mafuta yakadondoka kwenye makaa, yakachacharika.

"Mbegu ni mbegu, Toku," Shigeo alisema. "Kijana alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa na waagizaji wa mboga, walitaka alete kitu kipya. Nilimpa kiganja kimoja tu, wakazipanda huko Australia. Baba yako angefurahi bwana, sasa inaliwa mpaka Singapuri."

Tokuzo alikuwa akipiga hesabu ambayo kila mkulima wa pale anaijua. Asparaga ya mbegu haivunwi mwaka wa kwanza, wala wa pili. Ni wa tatu, na ili ijaze ndege, wa nne.

"Miaka minne," alisema. "Kila siku ya kumkumbuka baba unakuja kumfukizia ubani. Mara nne, Shigeo, umepiga magoti mbele ya picha yake huku unajua."

"Nilimwambia akuambie, kaka," Mitsue alisema. "Kila Jumapili nilimwambia."

"Na kila Jumapili ulikula, shemeji."

Mitsue akaweka vijiti vyake chini.

"Lakini si nimeileta mwenyewe?" Shigeo alipaza sauti. "Ningeweza kukuficha mpaka kaburini!"

"Hukuileta ili uungame. Umeileta usifiwe."

Tokuzo akaziba tundu la hewa la jiko, makaa yakaanza kufa. "Chukueni sanduku lenu."

Kabla theluji haijayeyuka, jirani hao walihamia mjini Sapporo kwa mtoto wao, na hawakupita kuaga. Kwa hiyo mara ya mwisho aliyowaona ni mchana ule, kutoka mlangoni mwa banda: Mitsue mbele, hageuki nyuma, na Shigeo akitumbukia kwenye theluji mpaka magotini, sanduku amelishika wima kwa mikono miwili, asije akalilaza.