Sanduku la Orpa la Kukamata Vumbi

Siku ya kwanza niliyoingia kwa Orpa, sikumuona. Nilisukuma mulango wa atelier ya useremala ya mume wake Kahongya, pale Butembo, kwenye barabara inayopanda kutoka sokoni, nikakuta wingu la vumbi la mbao, la manjano kama unga wa mahindi. Sauti ya mwanamuke ikatoka katikati ya lile wingu:

— Weye wa ku mulango! Ingia ao toka, lakini funga!

Nikaingia, nikafunga. Wingu halikuisha, lakini macho yalizoea, na pole pole nikaona mwanamuke mufupi, kitambaa kichwani, kingine mudomoni, ameinama juu ya meza akisugua na papier de verre, ile karatasi ya kulainisha mbao. Nyusi zake zilikuwa zimejaa vumbi. Akanitazama, akaona tupa katika mufuko wangu, akasema:

— Kumbe iko muzee wa kunoa misumeno. Kahongya! Batu ya kunoa meno ya musumeno bamefika, na weye unazania ni batoto ya kuomba tu.

Hiyo ndiyo kazi yangu, kunoa misumeno. Natembea kutoka Kirumba mpaka Butembo, na kutoka Butembo mpaka Beni, na pahali pana musumeno butu naketi chini. Wananiita Papa Mathe. Nimelala katika nyumba nyingi za maseremala, na katika nyumba zote hizo sikuona mutu mwenye mikono kama ya Orpa. Ndiyo maana naandika habari yake.

Alizaliwa Luofu. Alipokuwa musichana alichagua kahawa katika kinu kimoja karibu na Kirumba, akitoa punje mbaya kwa vidole. Kisha Kahongya akamuoa, akamuleta Butembo. Kahongya alikuwa murefu na wa maneno machache. Orpa alizoea kusema: “Bwana yangu anaongeaka na mbao tu. Mbao hazimujibu, njo maana banasikilizana.” Siku moja, katika mwaka wa kwanza wa ndoa, Kahongya alimupa karatasi asugue meza, kumusaidia tu. Orpa akapitisha kiganja juu ya ubao, macho amefunga, akasema: “Hapa kuna mutu amelala.” Kahongya akatazama, hakuona kitu. Akaleta rula, akaweka juu, akaona kweli ubao umevimba kidogo sana, pale pale. Tangu siku ile hakuna mulango, hakuna kiti kilichotoka kwao bila kiganja cha Orpa kupita juu yake. Wakamuzaa Gracieuse, akakua, akaolewa Beni, na mama yake akabaki katika mbao.

Vumbi lenyewe halikuwa baya sana zamani, kwa sababu madirisha yalikuwa wazi. Ni vita iliyoyafunga. Hii nasema ni mwaka wa 2000, katika vita ya pili ya Congo. Askari walikuwa wakipita wa aina nyingi, leo hawa, kesho wengine, na wote walipenda mbao za kujengea kambi, na zaidi walipenda groupe, ile machine ya mafuta ya kutoa courant ya umeme. Wakiona mbao nzuri kupitia dirisha, wanaingia. Basi maseremala wote wa Butembo wakawa wanafanya kazi wamejifungia kama watu wagonjwa. Na Kahongya alikuwa anapasua muvula, muti mugumu unaotoka porini upande wa Manguredjipa. Vumbi lake linawasha pua, linawasha macho, linakamata kifua.

Niliporudi kwao kisha miezi mitano, Orpa alikuwa anakohoa mpaka anashika meza. Alikuwa amekwenda kwa muganga wa zahanati, Ésaïe, mutu wa kanisa lao. Alinisimulia mwenyewe, akiiga sauti yake:

— “Mama Orpa, haiko kifua kikuu. Iko vumbi. Uache mbao, ao mbao itakuzika.” Nikamuuliza: niache mbao, nifanye nini? “Uuzishe tomate.” Nikamuambia: Ésaïe, bakikuambia uache sindano, uende kuuzisha tomate, utaenda?

Tukacheka. Lakini alipomaliza kucheka alikohoa, na Kahongya akatoka nje, akasimama akitazama ukuta. Orpa alitaka mambo mawili: kupumua, na kubaki na mbao zake. Watu wengi walimuambia achague moja. Hakutaka.

Ni yeye aliyefikiri sanduku. Alikumbuka kinu cha kahawa. Pale kulikuwa na feni kubwa iliyovuta maganda, yakaenda upande mumoja, kahawa ikabaki safi. Akasema kama feni inaweza kuvuta maganda, inaweza kuvuta vumbi. Kesho yake Kahongya alikwenda kwenye camion, lori iliyokufa kando ya barabara, akaomba wenyewe, akarudi na feni ya radiateur begani.

Akatengeneza sanduku la mbao za eucalyptus, urefu wa mutu, wazi kwenye miisho miwili. Feni ikakaa mwisho mumoja, ikizungushwa na mukanda wa mupira kutoka kwenye machine ya kupasulia. Mwisho mwingine walitaka kuweka kitambaa, ili hewa ipite na vumbi libaki. Siku lile sanduku lilipoisha, jirani yao Ananie, mwenye kinu cha muhogo, alikuja kutazama, akazunguka mara mbili.

— Kahongya, iko ya kuzika nani? Mutu munene namna hii hatuko naye hapa mutaani.

— Ingia tupime, Orpa akamujibu. Kwa tumbo yako tutaongeza tu kidogo.

Kitambaa ndicho kilileta shida. Waliweka chandarua, vumbi likapita lote. Wakaweka kikwembe, kitenge cha kuvaa, vumbi likabaki, lakini na hewa ikabaki, feni ikalia kama mbuzi aliyefungwa. Majuma mawili walijaribu hiki na kile, hata flanelle, kitambaa kizito cha shuka, nayo ikazuia hewa. Halafu siku ya Mungu Orpa akarudi kutoka kanisani mbio mbio, hata viatu hakuvua.

— Kahongya, jipe ya kwaya!

— Jipe imefanya nini?

— Ile sketi ya mikunjo! Mita nne ya kitambaa, na inaingia ku kiuno ya Mama Berthe peke yake. Tukikunja ile flanelle vile, itakuwa kubwa, na nafasi itakuwa ndogo. Hewa itapata pa kupita.

— Na mahubiri ilikuwa juu ya nini?

— Sijue. Mungu atanisamehe, nilikuwa nahesabu mikunjo.

Alishona usiku na mchana wa siku mbili, flanelle ya shuka la zamani, kunjo juu ya kunjo, akazishikisha na vijiti vya mianzi. Kahongya akaiweka kwenye mwisho wa sanduku. Wakawasha groupe, ambayo wakati ule ilikaa nje, nyuma ya nyumba, chini ya mabati. Mimi nilikuwa pale. Kahongya akapasua muvula, vumbi likapanda kama kawaida. Katika ule mwali wa jua uliopita kwenye tundu la bati, tuliliona vumbi likigeuka. Lilikuwa linaelea bila njia, halafu likashika njia, likaenda lote upande wa sanduku, pole pole, kama watu wanaotoka ibadani. Orpa akafungua kitambaa cha mudomo. Akavuta hewa. Hakusema kitu cha kuchekesha siku ile. Alisema tu: “Wasingya,” na sijui alimushukuru mume wake ao Mungu.

Miezi mitatu hakukohoa. Kila juma alitoa ile flanelle, akaipiga nje na fimbo, na vumbi lililoanguka lilijaza beseni. Aliweka kiti chake mbele ya ule mwisho unaotoa hewa, maana ndipo hewa ilikuwa nzuri zaidi, akaanza tena kuimba. Aliimba wakati wa kusugua kwa nguvu. Akifika pahali pa kusikiliza na kiganja, alinyamaza.

Sasa nafika pahali ambapo mukono wangu unakuwa muzito.

Askari walikamata groupe ya Ananie. Waliifuata kwa sauti tu, muchana mweupe, wakaibeba kwenye fito mbili, na Ananie akipiga magoti nyuma yao. Kahongya akazima ya kwake saa ile ile. Siku nne hakufanya kazi, na kanisa lilikuwa linangojea viti vya ndoa. Tukaketi sisi watatu tukiongea. Ni mimi niliyesema. Sitaandika kwamba ni mutu mwingine. Nilisema:

— Muiingize mu nyumba. Mu ile chumba ya kuwekea mbao, hapa nyuma ya sanduku. Muifunike na matela, ile magodoro yenu. Basoda hawatasikia.

— Na moshi, Papa Mathe? Orpa akauliza.

— Sanduku yako si inakamata vumbi? Moshi iko nini? Iko vumbi nyeusi tu.

Kahongya alifikiri sana. Akasema tujaribu asubuhi moja. Tukajaribu, milango imefungwa, madirisha yamefungwa, kati ya groupe na atelier ukuta wa mbao tu, wenye nafasi za kupitisha kidole. Saa sita Orpa akatoa flanelle. Ilikuwa nyeusi. Nyeusi kama sufuria! Tulifurahi, ndugu zangu. Tulifurahi sana. Orpa aliibeba mpaka kwa Ananie kumuonyesha: “Ona, imekamata hata moshi!” Mimi nikasema: niliwaambia nini?

Kichwa kilianza kumuuma Orpa juma lile. Alisema ni kama mutu amekifunga na kamba. Lakini kanisa lao lilikuwa katika juma la kufunga kula, na wengi walikuwa na kichwa, kwa hiyo tulisema ni njaa.

Siku ya tano ilibaki viti viwili vya kusugua. Machine ya kupasulia haikuwa na mbao ya kupasua tena, lakini tuliacha groupe iizungushe bure pamoja na feni, kwa ajili ya Orpa. Alitufukuza mimi na Kahongya.

— Mutoke nje, mukae ku barabara, muangalie basoda. Hapa munanifichia mwangaza tu, bazee babili bote.

Tukatoka, tukafunga mulango nyuma yetu. Tukaketi juu ya jiwe, mimi na tupa yangu na musumeno. Kahongya siku ile alikuwa na maneno. Alinisimulia namna alivyoenda Luofu kuomba muchumba, akateleza na suruali yake nyeupe, akaanguka katika matope mbele ya baba mukwe. Nilicheka mpaka machozi. Kutoka ndani tulisikia groupe chini ya matela, sauti ndogo kama ya nyuki, na Orpa akiimba. Halafu tukasikia ameacha kuimba. Kahongya akainua kidole:

— Amefika ku kiganja.

Tukaendelea kuongea. Hatukutaka kumusumbua.

Tulipofungua, alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya sanduku, paji la uso juu ya ubao, mukono mbele, wazi. Feni ilikuwa inapeperusha kitambaa cha kichwa chake. Midomo yake ilikuwa myekundu, mizuri, kama ya mutu mwenye afya. Kahongya alimuita kwa jina mara nyingi, pole pole, kama anaogopa kumushitua. Tulimubeba nje. Hewa ya nje ilikuwa nyingi, lakini haikumufaa tena.

Ésaïe alikuja, akaingia, akatazama groupe, akatazama flanelle. Aliketi chini.

— Ile nyeusi iko masizi tu, akasema. Mu moshi ya groupe kuna sumu, haina rangi, haina harufu. Inapita mu kitambaa vile maneno inapita mu pazia. Sanduku ilikuwa inaivuta, inamupulizia ku uso.

Gracieuse alifika kutoka Beni siku ya pili ya kilio, miguu imevimba, maana barabara ilikuwa imefungwa na alitembea sehemu kubwa. Aliuliza mbele ya watu wote nani aliweka groupe ndani ya nyumba. Kahongya akasema:

— Ni miye nilibeba.

Nikasimama.

— Mwanangu, ni miye nilisema babebe.

Alitutazama, huyu na huyu. Nilingoja anipige. Ningefurahi.

— Papa Mathe, weye ulisema, papa akabeba, mama akafunga dirisha. Basoda banyewe ba kutufungisha madirisha bako wapi? Nigombane na nani, miye?

Akaketi chini katikati yetu, akalia, na mimi sikujua pa kuweka mikono.

Kahongya aliacha muji. Alikwenda kulima Luofu kwa wakwe zake, na musumeno hakuchukua. Mimi niliendelea na njia. Kila atelier niliyoingia, Butembo, kisha Beni, jambo la kwanza niliuliza ni groupe iko wapi. Wengi walinicheka. Seremala mumoja wa Beni, anaitwa Sikuli, alisikia habari ya sanduku, akaomba nimuonyeshe, kwa sababu muke wake Elsa naye alikuwa anasugua mbao na anakohoa. Nilimutengenezea, na mikunjo yote vile Orpa alivyoishona, lakini nilikataa kufunga mukanda mpaka atoe groupe nje. Aligomba. Akaitoa.

Juma la tatu askari waliichukua.

Niliporudi, Sikuli alinikuta kwenye kiingilio, akanishika shati.

— Muzee, umeniua! Ningeiacha mu nyumba, ningekuwa nayo mpaka leo! Feni haizunguke, kazi imekufa, niko natumia musumeno ya mukono kama babu yangu!

— Njo vile, nikasema. Ni miye.

— Unasema tu “ni miye”?

Nyuma yake Elsa alikuwa anasugua kiti, madirisha wazi, akikohoa kidogo. Akageuka.

— Sikuli, acha shati ya muzee, itapasuka. Papa Mathe, umekula?

Nilisema sijakula. Akaacha kazi, akaenda kupika.